Kona ya Piano Ikimeguka

Piano nyingi nyeusi zinazong'aa, zikiwemo za Yamaha na Kawai kutoka Japani na Steinway za Hamburg, hazikupakwa vanishi ya kawaida. Zimevishwa poliesta, resini inayochanganywa na hadina ikaganda kuwa gamba gumu na nene. Gamba hilo halichubuki ovyo, ila kona ikigonga mlango wakati wa kuhama, humeguka kama kioo.

Fundi aliyezoea vanishi hudhani tabaka jipya litayeyusha la zamani, yashikane. Haiwezekani. Poliesta ikishaganda haiyeyuki kwa thina wala spiriti. Kiraka hushikilia mikwaruzo tu. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kumimina resini mpya. Ondoa kila kipande kilicholegea, hata pengo likiongezeka. Chonga kingo ziteremke, kisha kwaruza ndani kwa msasa mkali na ufute mafuta yote. Silikoni, ambayo imo katika polishi nyingi za fanicha, ndiyo adui mbaya kuliko wote: ikibaki, resini huikimbia na kuacha vishimo.

Pengo la konani huzungushiwa utepe uwe ukingo, likajazwa resini nyeusi hadi izidi usawa kidogo. Oksijeni huzuia uso wa resini kukauka, hivyo funika kiraka kwa karatasi ya plastiki. Vaa miwani, kwani hadina ni peroksidi na inaweza kupofusha jicho. Isikutane kamwe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, kinachoharakisha kuganda, kwani hulipuka.

Kisha subiri. Wengi huharibu hapa, nami nawasihi wasiharakishe: kiraka huendelea kusinyaa hata baada ya kuwa kigumu. Kikisawazishwa siku hiyohiyo kitapendeza, lakini baada ya wiki mwanga utafichua bonde. Kipe siku kadhaa. Ndipo ukikwangue kwa wembe, ufuate msasa wa maji namba 600, 1000, 1500 hadi 2000, ukiwa umezungushwa kwenye kibao, maana kidole huchimba. Mashine ya kung'arishia isitulie mahali pamoja, kwa kuwa joto hulainisha gamba.

Nyeusi husitiri mengi. Kwenye piano ya poliesta angavu, inayoonyesha nyuzi za mbao, mpaka wa kiraka ni vigumu mno kuuficha, na mwenye piano anastahili kuelezwa hivyo kabla ya bei kutajwa.