Chai Isiyo na Sukari

Chai ya maziwa ya Nairobi hupikwa. Maji, maziwa na majani huchemka pamoja katika sufuria moja, na katika nyumba nyingi za Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, sukari nayo hutiwa humo humo kabla chai haijachujwa na kumiminwa kwenye themosi. Desturi hiyo ya jikoni ndiyo inayofanya sukari ya chai iwe ngumu kuacha kuliko soda. Anayeacha soda hupita dukani bila kuinunua, basi. Anayetaka kuacha sukari ya chai hukuta mpishi ameshaamua, tena kwa ajili ya kila atakayekunywa kutoka themosi hiyo.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 4 za sukari, na kilichorundikwa huzidi hapo. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu, hutumia gramu 36 kabla hata ya kugusa mandazi. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya kilo 13. Nyumba yenye watu watano wa mazoea hayo humaliza zaidi ya kilo 5 kwa mwezi, ingawa aghalabu haioni wingi huo kwa sababu sukari hununuliwa robo kilo leo na robo nyingine keshokutwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri kwamba sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na kwamba itafaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, viwango hivyo ni gramu 50 na gramu 25. Vikombe vitatu vilivyotajwa, kwa hiyo, tayari vimepita kiwango cha chini, na soda moja ya kola ya mililita 500, yenye gramu 50 hivi, inatosha peke yake kujaza kile cha juu. Sukari ya asili iliyomo ndani ya maziwa au ndani ya tunda zima haihesabiwi. Asali inahesabiwa. Anayebadilisha sukari kwa asali au sukari guru hajaacha kitu, na rangi ya kahawia ya sukari ya dukani haiifanyi kuwa dawa.

Sukari iliyoyeyuka katika kinywaji huingia kwenye damu upesi, na kongosho hulazimika kutoa insulini ili kuiondoa humo. Haileti kisukari kwa kikombe kimoja wala kwa mwezi mmoja, na ule usemi wa mtaani kwamba fulani “alipata sukari kwa sababu ya chai” unarahisisha mno. Kinachotokea ni cha polepole. Nishati ya kinywaji haishibishi kama ya chakula cha kutafuna, hivyo mtu hula kiasi kile kile juu yake. Ziada hugeuka mafuta, hasa tumboni na kwenye ini, na mafuta hayo huufanya mwili uzidi kutoitikia insulini. Ndipo aina ya pili ya kisukari inapopata njia, kwa msaada wa urithi, umri na kazi ya kukaa. Meno huharibika kwa njia fupi zaidi: bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na anayekunywa chai tamu kidogo kidogo asubuhi nzima huyapa meno muda mchache wa kupumua.

Hatari nyingine ni kutojua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza, wa kwanza wa aina yake nchini Kenya, ulionyesha kwamba karibu watu wazima 88 kati ya kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu. Wengi huacha sukari siku daktari anapotamka ugonjwa, wakati ambapo kuiacha kungewafaa zaidi miaka iliyotangulia.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana, nalo ni kuacha chai yenyewe. Majani ya chai yana kafeini, na mwili uliozoea kafeini ukinyimwa ghafla hulalamika: kichwa huanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, mtu huwa mchovu na mwenye hasira, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa siku 2 hadi 9. Mhusika husema mwili wake “unataka sukari” na kurudi kwenye kikombe kilichojaa vijiko. Lakini kafeini ndiyo iliyokuwa ikidaiwa. Anayeendelea kunywa chai yake na kuondoa sukari tu hukwepa maumivu hayo, na hubakia na shida moja, ya ulimi.

Ulimi hufundishika, ingawa si kwa namna ambayo watu hudhani. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, watu waliopunguza sukari katika chakula chao kwa miezi mitatu walianza kuonja vyakula vile vile kuwa vitamu zaidi ya awali. Hata hivyo hawakuanza kuchukia utamu. Walichopenda kilibaki pale pale. Anayengoja siku atakapochukizwa na chai tamu huenda asiione kamwe, na hana haja nayo. Inatosha kwamba kijiko kimoja kifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na vitatu, kisha nusu kijiko, kisha hakuna.

Je, ni bora kupunguza polepole au kukata mara moja? Watafiti wa vyuo vikuu vya London na Leeds, Uingereza, walilijaribu swali hilo kwa chai hasa. Wanaume 64 waliozoea chai yenye sukari waligawanywa katika makundi matatu kwa mwezi mmoja: waliopunguza hatua kwa hatua, walioacha siku hiyo hiyo, na walioendelea kama kawaida. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2019, yalikuwa kwamba asilimia 42 ya kundi la kwanza na asilimia 36 ya la pili waliacha sukari, dhidi ya asilimia 6 ya wale wa kawaida. Walioacha waliripoti kuifurahia chai yao kama zamani. Kundi lilikuwa dogo na la wanaume watupu, hivyo tofauti kati ya njia mbili za kwanza isitiliwe uzito mkubwa. Njia zote mbili zinafaa. Lakini kwenye sufuria ya familia, ile ya polepole ina faida ambayo maabara haiwezi kuipima: inaweza kufanyika bila ugomvi. Mpishi akipunguza kijiko kimoja kila wiki, wengi hawatatambua.

Nyumba ambamo wengine hawako tayari ina njia nyingine, nayo ni kuihamisha sukari kutoka sufuriani hadi mezani. Chai hupikwa bila kitu na kila mmoja hujitilia. Kuna wanaoona haya kumpa mgeni chai isiyotiwa sukari, wakiogopa kuonekana wachoyo, na bakuli la sukari likiwa mezani hofu hiyo huisha. Kibandani mambo huwa magumu zaidi. Mafundi wa jua kali Kariobangi na wachuuzi wa Gikomba hunywa chai ya saa nne iliyokwisha tiwa sukari kwa sufuria nzima. Mteja wa kila siku anaweza kumwomba mama wa kibanda amtengee kikombe kabla sukari haijaingia. Ombi la mteja mmoja ni usumbufu, la wateja wanne ni biashara.

Chai ya kuanzia na iwe ya maziwa. Protini za maziwa hushikana na tanini ya majani na kupunguza ule ukakasi unaokausha kinywa, na maziwa yana utamu wake hafifu. Strungi, yaani chai ya rangi, haina kinga hiyo, ndiyo maana huwa kali mdomoni bila sukari, hasa majani yakichemshwa muda mrefu. Tangawizi, iliki na mdalasini husaidia pia, kwani harufu ambayo mtu ameizoea katika vitu vitamu huidokeza ladha ya utamu hata sukari isipokuwepo. Vitamu bandia vya vidonge si msaada wa kutegemewa: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Wakristo wengi wa mitaa hii hufunga sukari wakati wa Kwaresima. Siku 40 ni ndefu kuliko mwezi wa watafiti wa Uingereza, na anayefika Pasaka ameshavuka sehemu ngumu. Mambo huharibika pale mfungo unapochukuliwa kuwa deni lililolipwa, na vijiko vitatu vikarudi Jumapili ile ile. Katika Ramadhani, huko Majengo na Eastleigh, hatari huwa kinyume: mchana ni mkavu, na chai ya futari hutiwa sukari ya kufidia siku nzima.

Mwingine huacha sukari ya chai na kuongeza andazi la pili. Hapo hajapata faida, kwa kuwa mandazi ni unga mweupe, sukari na mafuta ya kukaangia. Nduma, viazi vitamu vya kuchemsha au yai hukaa vizuri zaidi na chai isiyo tamu, na huleta shibe inayofika saa saba.

Kundi moja halipaswi kubadili chochote bila kuzungumza na kliniki yake, nalo ni wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenclamide. Dawa hizo zimepimwa kulingana na chakula chao, na sukari ya chakula ikipungua ghafla, ile ya damu inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita, ikileta kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa. Dalili hizo zikianza, vijiko vitatu hadi vinne vya sukari iliyoyeyushwa ndani ya maji ndiyo huduma ya kwanza, hata kwa aliyeapa kutoigusa tena. Wengine wote waanze kwa kipimo cha sukari ya damu kabla ya kula, katika kituo cha afya cha mtaa au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Kuanzia milimoli 7 kwa lita, kipimo hurudiwa ili kuthibitisha kisukari. Kile kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hiyo aliyeacha sukari leo akirudie baada ya miezi mitatu. Akienda mapema zaidi, matokeo bado yatabeba chai ya zamani.