Darubini ya Vitu Vilivyotupwa

Kamati zetu zinapoketi kupanga vifaa vya sayansi vya shule, darubini ya nyota huwa haimo katika orodha, kwa kuwa huhesabiwa kuwa kitu cha gharama kubwa. Katika toleo hili tumeona vyema tueleze kazi ya John Dobson wa Marekani, aliyewafundisha watu kujiundia.

Dobson alizaliwa Beijing, China, mwaka 1915. Alisomea kemia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1944 aliingia utawa wa Vedanta, wa mapokeo ya Kihindu, mjini San Francisco. Mtawa hana fedha mfukoni. Basi alichukua kioo kinene cha dirisha la meli kuukuu, akakisugua kwa mkono hadi kikabonyea kidogo katikati. Bomba alilifanya kwa karatasi ngumu, na kitako kwa mbao.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kioo hicho, kikishapakwa utando mwembamba wa alumini, hukaa chini ya bomba, hukusanya mwanga na kuurudisha juu. Hapo kioo kidogo bapa huugeuza utokee ubavuni, penye lenzi ya kutazamia. Darubini nyingi kubwa za wakati ule zilikuwa nzito na ghali kwa sababu ya vitako vya chuma. Kitako chake ni sanduku tu linalozunguka kushoto na kulia, huku bomba likipanda na kushuka. Hata mtoto huisukuma kwa mkono mmoja.

Usiku alizitoa nje akiwaonyesha majirani. Wakuu wake hawakupendezwa na kutoka kwake huko, na mwaka 1967 aliondolewa utawani. Mwaka uliofuata, yeye na vijana wawili walianzisha kikundi cha kutazama nyota kando ya barabara mjini San Francisco. Wapita njia waliona Mwezi na pete za Zohali bila malipo. Aliendelea kufundisha kwa miongo kadhaa, na alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98. (Maoni yake juu ya chanzo cha ulimwengu wanasayansi wengi hawakuyakubali, lakini ufundi wake hauna ubishi.) Muundo wake hakuuwekea hakimiliki, hivyo yeyote anaruhusiwa kuuiga.

Kwa maoni yetu, mfadhili anayelipia kioo kilichokwisha kupakwa alumini, mbao na mafunzo ya seremala wa kijiji ameacha kitu kikubwa kuliko anayeleta darubini ya dukani, ambayo ikiharibika hakuna wa kuigusa. Tahadhari moja kwa walimu: isielekezwe juani kamwe bila kichujio maalumu mbele ya bomba. Jicho laweza kupofuka mara moja.