Pikipiki ya njia mbovu Simiyu: Kagua kadi kabla ya injini

KATI ya Novemba na Aprili, msafiri anayetoka Lamadi kwenda Maswa kupitia Bariadi anaweza asitambue kuwa mvua ni tatizo mkoani Simiyu. Barabara hiyo ni ya lami, na pikipiki yoyote, hata ile nyepesi ya kubebea abiria mjini, humfikisha salama.

Tatizo huanza pale anapokata kona kuingia vijijini, iwe Itilima, Meatu au upande wa Busega ulio mbali na ziwa. Hapo hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao Wasukuma huuita mbuga, wakiutofautisha na luseni, yaani ule wa kichanga. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka na kuwa ngumu kama tofali. Ikinyesha mvua ya saa moja tu, udongo huo hufyonza maji, huvimba na kunata. Hujikusanya kati ya tairi na bamba la kuzuia tope, maarufu kama madigadi, mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka.

Ndiyo maana katika mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya njia mbovu si chombo cha mashindano wala cha kujionyesha. Ni kitendea kazi cha ofisa ugani, muuguzi anayepeleka chanjo, fundi wa visima na mnunuzi wa pamba. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maofisa ugani nchini kwa sababu hiyohiyo: mtaalamu asiyeweza kumfikia mkulima mwezi Januari, wakati wa kupalilia, hana msaada mkubwa kwake mwezi Juni wakati wa kuuza.

Pikipiki za aina hii hutambulika kwa urahisi. Madigadi ya mbele imeinuliwa juu ili tope lipate nafasi ya kutoka, tairi zina meno makubwa, shokapu ni ndefu, na tumbo la injini liko mbali na ardhi. Zilizozoeleka kwa miaka mingi katika ofisi za umma na miradi ni Honda XL 125, Yamaha DT 125, na zile za shambani za Yamaha, AG 100 na AG 200.

Kwa mkazi wa mjini anayetaka kumnunulia ndugu yake aliyeko Bariadi chombo cha namna hii, au mtumishi aliyepata barua ya kuhamishiwa huko, kikwazo cha kwanza ni bei. Pikipiki mpya ya njia mbovu kutoka Japani huuzwa ghali mno ikilinganishwa na pikipiki ya kawaida ya kichina au kihindi. Kwa hiyo wengi hukimbilia zilizotumika, na sehemu kubwa ya hizo huwa zimepitia mikononi mwa halmashauri, mashirika au miradi ya wafadhili. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kusimama kidogo kabla ya kutoa fedha.

Pikipiki ya mradi wa wafadhili husajiliwa kwa namba zinazoanza na herufi DFP. Mara nyingi chombo hicho kiliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, kwa kuwa kilikusudiwa kazi maalumu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 iko wazi katika jambo hili: bidhaa iliyosamehewa ushuru ikiuzwa au kukabidhiwa kwa mtu asiyestahili msamaha huo, ushuru hudaiwa. Kwa lugha nyepesi, mradi unaweza kuwa umefungwa, ofisi yake imehamishwa na meneja amerudi kwao, lakini deni likabaki limekaa juu ya tangi la mafuta likimsubiri mnunuzi.

Anayeuziwa pikipiki ya DFP kwa bei ya kutupa na kuambiwa "kadi itafuata" hana budi kuuliza mambo mawili: je, kuna nyaraka zinazoonyesha kuwa mwenye mali aliidhinisha uuzaji, na je, ushuru umelipwa? Vilevile kwa pikipiki ya Serikali iliyouzwa mnadani, hati ya ununuzi ndiyo mlango wa kuiingiza katika usajili wa mtu binafsi. Bila hati hiyo, kilichonunuliwa ni vipuri tu.

Jambo la tatu ni namba zilizogongwa kwenye chuma. Kadi ya usajili huonyesha namba ya injini na namba ya chasisi, na zote mbili lazima zilingane na zilizopo kwenye chombo. Pikipiki za zamani hufanyiwa marekebisho mengi, na si ajabu kukuta fremu ya Honda ikibeba injini ya aina nyingine kabisa kwa kuwa ya awali ilikufa na vipuri vyake ni adimu. Kubadili injini si kosa. Kosa ni kutotoa taarifa kwa msajili ili kadi irekebishwe, kwani chombo hicho kikikaguliwa barabarani, mwenyewe ataonekana amebeba injini ya wizi. Beba kitambaa na mafuta ya taa uende nayo siku ya kukagua. Namba ya chasisi huwa imefunikwa na tope la misimu mitano, na muuzaji mwenye haraka hapendi kuisafisha.

Usajili wa vyombo vya moto Tanzania Bara husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Pikipiki za watu binafsi hupewa namba zinazoanza na herufi MC. Kwa pikipiki mpya kazi ni rahisi, kwani kwa kawaida muuzaji ndiye anayeshughulikia maombi. Mnunuzi hutakiwa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), na asiondoke dukani bila risiti ya mashine ya kielektroniki. Bajeti ya mwaka 2016/2017 ilipandisha ada ya usajili wa pikipiki kutoka Sh45,000 hadi Sh95,000. Kwa kuwa viwango vya namna hii huguswa mara kwa mara katika bajeti ya kila Juni, ni vyema kuuliza TRA kabla ya kumkabidhi mtu fedha za "kukusajilia".

Kwa iliyotumika, wahusika huandikishana mkataba wa mauziano, huwasilisha kadi halisi pamoja na TIN za pande zote mbili, na hulipa kodi ya uhamisho pamoja na ushuru wa stempu. Wengi huiruka hatua hii, pikipiki ikapita mikono mitatu huku kadi ikiwa na jina la mtu wa kwanza. Mnunuzi wa namna hiyo akiibiwa hana cha kumwonyesha polisi. Muuzaji naye hayuko salama, maana pikipiki ikimgonga mtu huko Mwanhuzi, jina litakalosomwa kwanza ni lake, hata kama yeye anakunywa chai Dar es Salaam.

Ada ya mwaka ya leseni ya chombo cha moto, iliyokuwa ikiwasumbua wenye pikipiki kila mwaka, ilifutwa mwaka 2017 na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa Sh40 kwa lita. (Maana yake ni kwamba hata mwenye mashine ya dizeli ya kusaga mahindi anachangia, ingawa mashine yake haijawahi kwenda popote.) Bima haikufutwa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inataka kila chombo kinachotembea barabarani kiwe na walau bima ya kufidia mtu wa tatu, na uhalali wake sasa huweza kuhakikiwa katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) kwa kutumia namba ya usajili.

Dereva naye ana kadi yake. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki ndogo, zisizofikia ujazo wa sentimita 125 za injini; zinazozidi hapo zinahitaji daraja A. Mwenye XL 125 au DT 125 yuko ndani ya A1, kwani injini zake ziko chini kidogo ya kiwango hicho, lakini aliyepewa AG 200 na ofisi anapaswa kuwa na A. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo huongeza leseni ya usafirishaji inayotolewa chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).

Baada ya makaratasi, kuna tope.

Kosa kubwa la matunzo mkoani humu ni kuiacha mbuga ikaukie kwenye chombo. Ikikauka huwa kama saruji, huzuia hewa kufika kwenye mapezi ya kupoozea injini, na injini isiyopoa hula oili na hatimaye pete za pistoni. Tope litolewe jioni ileile, likiwa bado bichi, kwa maji ya ndoo na brashi. Mashine ya maji yenye nguvu husafisha haraka, lakini ikielekezwa kwenye habu au mhimili wa usukani hupenyeza maji kwenye beringi, ambazo hazitalia siku hiyo bali baada ya miezi miwili.

Kiangazi kina adui mwingine. Kuanzia Juni, malori ya pamba yanapopishana kwenye barabara za changarawe, vumbi huwa jingi kiasi cha kuwasha taa mchana. Pikipiki nyingi za njia mbovu hutumia chujio la hewa la sponji, ambalo huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa kwa kubonyezwa bila kusokotwa, huanikwa kivulini na kupakwa oili kabla ya kurudishwa. Sponji kavu hupitisha vumbi. Wapo wanaoitoa kabisa ili pikipiki "ipumue". Ikipumua vumbi la Meatu kwa msimu mmoja, silinda huchongwa kama imepigwa msasa.

DT 125 na AG 100 zina injini za mipigo miwili, na oili ya kulainisha injini hukaa kwenye tangi lake dogo la pembeni. Likikauka, injini hukwama bila salamu. XL 125 na AG 200 ni za mipigo minne. Hizi hutaka oili ya pikipiki, si ya gari, kwa sababu klachi huoga humo humo. Cheni ya XL na DT iko wazi, hivyo husafishwa na kupakwa oili kila baada ya safari ya tope, ikiachwa na mlegeo wa sentimita mbili hadi nne hivi kadiri kitabu kinavyoelekeza. Zile za AG zimefunikwa na boksi la cheni. Lina kelele na humchelewesha fundi wakati wa kuziba pancha, na baadhi ya watu hulivua. Si uamuzi wa busara.

Mto Simiyu na mito midogo inayouingia hufurika ghafla na kupungua ghafla, ikiacha mchanga mzito. Injini ikizimika katikati ya maji, usipige kiki. Sukuma chombo hadi ukingoni, fungua plagi, zungusha injini taratibu maji yatoke, mwaga yaliyoingia kwenye kabureta na kausha chujio. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, ibadilishe kabla ya kuendelea. Na anayefanya kazi mashariki ya mkoa asidhani kuwa pikipiki hii inampa ruhusa ya kufuata njia ya ng'ombe hadi ndani ya Pori la Akiba la Maswa au Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako pikipiki haziruhusiwi.

Kadi halisi ibaki nyumbani. Nakala yake na ya bima zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na zikae mfukoni mwa koti, si chini ya kiti, kwa kuwa maji ya mto hufika chini ya kiti kabla ya kufika kwenye koti.