Laini ya Kale na Mgonjwa wa Leo

Namba ya simu ya mkononi anayoitoa mgonjwa mapokezi ina jina ambalo mwenyewe halijui. Katika mitambo ya kampuni za simu huitwa MSISDN, na herufi nne za mwisho, ISDN, ni jina la mtandao uliobuniwa kabla simu za mkononi hazijaenea: mtandao wa kidijitali wa huduma jumuishi, ambao kanuni zake zilipitishwa na chombo cha kimataifa cha mawasiliano ya simu mwaka 1984. Mtandao huo wa nyaya unazimwa sasa katika nchi zilizoutumia sana. Jina lake, hata hivyo, limebaki ndani ya kila namba, na pamoja na jina limebaki wazo moja ambalo kliniki zetu hulitegemea kila siku pasipo kulitaja.

Wazo lenyewe si gumu. Sauti ya mtu anayezungumza hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Hivyo sauti moja huhitaji njia ya biti 64,000 kwa sekunde. Waya wa nyumbani wa mtandao huo ulibeba njia mbili za namna hiyo, na kando yake njia ya tatu, nyembamba, ya biti 16,000 tu. Njia hii ya tatu haikubeba sauti. Ilibeba ishara: nani anapiga, anampigia nani, simu imepokelewa, simu imekatwa. Wahandisi walikuwa wametenganisha mazungumzo na maelekezo ya mazungumzo, kama vile katika hospitali mgonjwa anavyopita mlango mmoja na faili lake likapita dirisha jingine.

Simu za mkononi za kizazi cha pili, zilizoanza kutoa huduma Finland mwaka 1991, zilirithi mpangilio huo. Ndani ya njia ya ishara wabunifu wake waliona nafasi iliyokuwa ikikaa bure muda mwingi, nao wakaipa kazi ya kubeba maandishi. Nafasi hiyo ilikuwa ya baiti 140, sawa na herufi 160, na hiyo ndiyo sababu ujumbe mfupi wa simu una kikomo hicho mpaka leo. Wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ukiwa na salamu za Krismasi.

Mhudumu wa afya atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ujumbe unaopita njia ya ishara hauhitaji intaneti, bando wala simu janja. Hufika kwenye kitochi chenye chaji ya siku kadhaa. Simu ikiwa imezimwa, au mwenyewe yuko bondeni shambani, ujumbe hutunzwa katika kituo cha kampuni na kupelekwa simu itakaporudi hewani. Menyu zinazofunguliwa kwa nyota na reli, zile tulizozizoea katika kutuma pesa, hupita njia hiyo hiyo. Tofauti yake ni kwamba menyu haitunzwi: mazungumzo yakikatika hayaachi ujumbe katika kisanduku cha simu, jambo ambalo kwa mgonjwa anayeficha hali yake laweza kuwa heri kubwa. Waswahili tumeendelea kuiita kadi ya simu «laini» ingawa haina waya wowote, na kwa maoni yangu jina hilo ni sahihi kuliko tunavyodhani.

Mfano ulio bora, na ambao ungestahili kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi, ulitoka Kenya. Kati ya mwaka 2007 na 2009 watafiti walifuatilia watu wazima 538 walioanza dawa za kufubaza makali ya VVU katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado. Nusu yao hivi walipata huduma ya kawaida. Wengine walitumiwa ujumbe mmoja kila wiki, wenye neno moja: «Mambo?» Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama «Sawa» ama «Shida». Aliyejibu shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Aliyekaa kimya naye alipigiwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Waliosema wanameza dawa kama inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 kwa 48.

Tazama neno lililochaguliwa. Mtu yeyote atakayeishika simu hiyo, awe mume, shemeji au mtoto, ataona salamu ya kila siku. Haitaji dawa, haitaji kliniki, haitaji ugonjwa. Na tena si amri. Mgonjwa anayeulizwa hali huhisi kuna mtu anayemjali, ilhali anayeamriwa «meza dawa» kila siku huzoea kelele hiyo na kuipuuza. Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, unaelekea upande huo huo: ukumbusho wa kila wiki uliongeza idadi ya waliofikia kiwango cha asilimia 90 cha kumeza dawa, lakini ule wa kila siku haukuleta tofauti na kutotuma kabisa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa tiba ya VVU mwaka 2013, liliutaja ujumbe mfupi kuwa njia mojawapo inayoweza kutumiwa kumsaidia mgonjwa.

Nasisitiza kwamba mtambo haukufanya kazi hiyo peke yake. Nyuma ya «Mambo?» alikuwapo muuguzi aliyesoma majibu na kuinua simu. Kliniki itakayonunua programu ya kutuma ujumbe bila kumtenga mtu wa kupokea majibu imenunua king'ora kisicho na zimamoto. Mgonjwa akijibu «Shida» mara mbili asisikie kitu, mara ya tatu hatajibu.

Dawa zenyewe nazo zimewahi kufuatwa kwa njia hii. Mwaka 2009 Tanzania ilijaribu mpango wa kuulizia akiba ya dawa za malaria kwa ujumbe mfupi katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, zenye vituo 129 vya huduma. Kila wiki, kwa wiki 21, kituo kiliulizwa kimebakiwa na dozi ngapi za dawa mseto na sindano za kwinini, na mhudumu alijibu kwa namba ya bure kutoka simu yake mwenyewe, akipata salio kidogo kama asante. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilikuwa asilimia 78 wiki ya kwanza. Wiki ya mwisho vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini upungufu ulikuwa umekwisha kufikia wiki ya nane.  Kilichobadilika ni kwamba wilaya ilijua dawa iko wapi na wapi haipo, ikaweza kuihamisha.

Katika Mkoa wa Kusini wa Zambia majibu ya vipimo vya VVU vya watoto wachanga yalitumwa vituoni kwa ujumbe mfupi badala ya kusubiri karatasi irudi na gari. Wastani wa muda wa kungoja ulishuka kutoka siku 44.2 hadi siku 26.7. Mama aliyewahi kungoja jibu la namna hiyo anajua urefu wa siku 17.

Lakini tusiusifie mno mtandao huu. Zanzibar ilifanya utafiti kwa wajawazito 2,550 katika vituo 24, nusu ya vituo vikiwatumia wajawazito ujumbe na kuwapa vocha ya kumpigia mhudumu. Waliojifungua kwa msaada wa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60, ikilinganishwa na asilimia 47 katika vituo vingine. Ila faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Ujumbe haulipi nauli, hauchongi barabara, wala hauongezi mkunga wa zamu ya usiku. Tena haufichwi kwa namna ambayo programu za simu janja hufichwa: hupita katika kampuni ya simu ukisomeka, na hukaa katika simu ambayo mara nyingi ni ya nyumba nzima. Kwa hiyo majibu ya kipimo, jina la dawa au jina la kliniki ya tiba na matunzo visiandikwe humo kamwe pasipo ridhaa ya mgonjwa. Katika usajili, swali la «namba yako ni ipi» halitoshi. Aulizwe pia simu hukaa na nani, na ni saa ngapi afadhali apigiwe.

Kwa nini kuyaandika haya sasa? Kwa sababu mitandao ya kale inaanza kuzimwa, na waamuzi wake si watu wa afya. Uingereza imepanga kuuzima mtandao wake wa simu wa nyaya za shaba, laini za kidijitali za aina ya ISDN zikiwamo. Humo waligundua kwamba watu wapatao milioni 1.8, wengi wao wazee na wenye ulemavu, huvaa kitufe cha kuitia msaada kilichounganishwa na simu ya nyumbani. Waya wa shaba hupata umeme kutoka kituo cha simu, basi simu hufanya kazi hata taa zikizimika. Mtandao mpya hutegemea umeme wa nyumbani. Baada ya matukio mazito ambapo vitufe havikufanya kazi, kampuni kubwa za simu zilikubaliana na serikali Desemba 2023 kutowahamisha watu kwa lazima, na mwaka uliofuata tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi Januari 2027. Ujerumani, kwa upande wake, ilifunga kizazi cha tatu cha simu za mkononi mwaka 2021 na kukiacha cha pili kikiendelea.

Afrika Mashariki haikuwa na nyaya nyingi za kuzima. Kilicho chetu ni kizazi cha pili, na siku masafa yake yatakapotakiwa kwa ajili ya intaneti ya kasi, wizara na hospitali zitapaswa kufika mezani zikiwa na orodha: ni kliniki zipi hutuma ujumbe, ni wagonjwa wangapi wana kitochi pekee, ni vituo vipi hupeleka taarifa kwa njia hiyo. Orodha hiyo huanzia kwenye daftari la usajili la zahanati, na mganga mfawidhi anaweza kuianza wiki hii kwa kuongeza safu moja ya kalamu: aina ya simu.

Kwako mgonjwa, ukibadili laini, iarifu kliniki kabla ya tarehe yako ya kurudi, kwani kampuni huweza kumpa mtu mwingine namba iliyoachwa, na salamu yako ikaenda kwa mgeni. Dalili za hatari katika ujauzito, kama kutokwa damu, degedege au kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, hazingoji ujumbe wala majibu yake. Nchini Tanzania mfumo wa m-mama hupokea simu za dharura za wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga kupitia namba 115. Mpokeaji huuliza dalili, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jirani aliyesajiliwa, ambaye hulipwa nauli yake kwa simu. Namba hiyo hupigwa bila malipo, kutoka simu ya aina yoyote, hata kitochi kisicho na salio.