Mshale wa Oili: Kuijua Afya ya Gari la Kale Lisilotumia Maji

Katika kisiwa chetu cha Mombasa yangaliko magari machache ambayo umri wake umezidi umri wa vijana wanaoyaendesha. Volkswagen ile iitwayo kobe ndiyo mashuhuri zaidi. Ndugu yake ni Kombi. Na kwa nadra huonekana Porsche 911, gari la michezo lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na kuendelea kuundwa kwa injini ya kupozwa kwa hewa hadi mwaka 1998. Magari haya ni ya ukoo mmoja kwa maana halisi ya neno hilo. Kobe ilibuniwa na Ferdinand Porsche, na 911 ikachorwa na mjukuu wake, Ferdinand Alexander. Injini za magari haya hukaa nyuma, hazina rejeta, wala hazitumii maji.

Aghalabu gari la namna hii haliingii nyumbani kwa kununuliwa, bali kwa kurithiwa. Mzee hufariki, gari likabaki limefunikwa turubai, na warithi wakajikuta wamekabidhiwa chombo wasichokijua tabia yake. Hapo ndipo hasara mbili huvizia. Ya kwanza ni ya hofu: mshale wa kipimajoto cha oili ukifika nyuzi 100, kijana hutishika, anaambiwa na wapita njia kwamba injini imekwisha, na gari huuzwa kwa bei ya chuma chakavu kabla warithi hawajaijua thamani ya haki yao. Ya pili ni ya kughafilika: mshale hauangaliwi kabisa, mpaka injini ikaungua kweli. Hasara zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kutojua kiwango cha kawaida ni kipi.

Oili yenye kazi mbili

Katika gari la kawaida, maji huizunguka injini, huchukua joto lake na kulipeleka kwenye rejeta. Themostati huyadhibiti maji hayo, na ndiyo sababu mshale husimama pale pale katikati, asubuhi na jioni. Dereva aliyezoea hivyo hudhani kwamba mshale unaosogea ni dalili ya ugonjwa.

Katika injini isiyo na maji, mambo ni mbali. Feni, inayozungushwa kwa mkanda, hupuliza hewa juu ya silinda. Lakini hewa haifiki ndani, chini ya pistoni na kwenye beringi. Huko ni oili peke yake inayofika. Kwa hiyo oili hulainisha na papo hapo hupoza, kisha hulipeleka joto hilo kwenye kipozeo chake kinachopigwa na upepo. Kobe hubeba oili lita 2.5 tu. Porsche 911 hubeba zaidi ya lita 10, ambazo sehemu kubwa hukaa katika tangi la pekee, nje ya injini. Na katika miundo mingi limeongezwa kipozeo cha pili upande wa mbele wa gari, chenye themostati inayofunguka oili inapokaribia nyuzi 85.

Kwa kuwa oili ndiyo inayobeba joto la kazi, mshale wake hupanda na kushuka kulingana na kazi yenyewe. Mlima huupandisha, mteremko huushusha. Mshale kusogea si kasoro.

Viwango vya kukumbuka

Chini ya nyuzi 80, oili bado ni baridi na nzito. Injini isilazimishwe kwenda mbio katika hali hiyo. Kati ya 80 na 110 ndipo penye afya. Hapo gari laweza kwenda siku nzima. Mshale ukifika 120 wakati wa mwendo mkali, mlimani au mchana wa jua kali, si msiba, ila dereva apunguze mwendo na atazame kama utashuka. Ukifika 130, asimame mahali pa salama, azime injini, na atafute sababu kabla ya kuendelea.

Kipimajoto kisomwe pamoja na kipimo cha msukumo wa oili, kwa gari lenye vyote viwili. Oili inapopata joto huwa nyepesi, na msukumo wake hupungua. Kanuni ya mafundi wa 911 ni kwamba, oili ikiwa katika nyuzi 90, msukumo uwe takriban bari moja kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Joto la 105 lenye msukumo mzuri si la kutisha. Joto la 95 lenye msukumo hafifu ndilo la kumpeleka mtu kwa fundi.

Kabla ya kuuamini mshale, inafaa kukipima kipimo chenyewe, kwani vifaa vya miaka 50 hudanganya. Fundi hukitoa kihisio, akakitumbukiza katika maji yanayochemka huku kikiwa kimeunganishwa na nyaya zake, kisha akatazama mshale umesimama wapi. Sisi watu wa pwani tuna bahati katika jambo hili: usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 barabara, ilhali Nairobi huchemka kwa takriban 95. Kobe haikutoka kiwandani na kipimajoto cha oili, lakini chaweza kuongezwa.

Kobe na sungura wa Safari

Kama kuna anayeshuku kwamba injini za hewa zaweza kustahimili joto la Afrika Mashariki, na aisome historia ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Volkswagen kobe ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Porsche 911, yenye kasi na nguvu maradufu, ilishika nafasi ya pili mwaka 1972 ikiendeshwa na Sobiesław Zasada wa Poland, ya pili mwaka 1974 kwa mkono wa Björn Waldegård wa Uswidi, na ya pili tena mwaka 1978 kwa mkono wa Vic Preston Mdogo wa Kenya. Haikupata kushinda Safari ile ya asili hata mara moja. Watoto wetu wanaosimuliwa kisa cha kobe na sungura watafurahi kuambiwa kwamba kisa hicho kilipata kutokea katika barabara zetu. Tena dereva wa kobe iliyoshinda mwaka 1954 alikuwa Vic Preston Mkubwa, baba yake huyo wa 1978.

Sungura alipata nafasi yake baadaye, yalipoanzishwa mashindano ya magari ya kale, ambayo mara nyingi huanza au kumalizikia hapa pwani ya Mombasa. Mwaka 2011 Waldegård alirudi na Porsche 911 na kushinda, miaka 37 baada ya kuikosa nafasi ya kwanza. Mwaka 2015 alishinda Stig Blomqvist, naye wa Uswidi, akiwa na umri wa miaka 69, katika gari la aina hiyo hiyo. Injini zilizopita katika vumbi na jua kwa maelfu ya kilomita haziwezi kushindwa na barabara ya Digo.

Adui wa kisiwani ni safari fupi

Hata hivyo, kisiwa kina mitihani yake, na ule mkubwa si joto. Ni baridi ya oili. Fikiria familia inayotoka Mji wa Kale jioni kwenda Mama Ngina kupunga upepo, kunywa madafu, kisha kurudi. Mwendo wote ni kilomita chache. Injini huwaka, lakini oili haifiki hata nyuzi 60. Kila injini inapowaka ikiwa baridi, unyevu na petroli kidogo hupenya na kuingia katika oili. Oili ikifika nyuzi 90 na kukaa hapo kwa muda, vitu hivyo hugeuka mvuke na kutoka. Isipofika, hubaki humo, vikaizorotesha oili na kula beringi polepole. Ukifungua kifuniko cha kutilia oili ukakuta utando mweupe kama malai, jua kwamba gari linahitaji safari ndefu. Mara moja kwa wiki livushwe daraja la Nyali, lifike Mtwapa na zaidi, likienda kwa utulivu kwa nusu saa au zaidi.

Mtihani wa pili ni msongamano. Feni huzunguka kwa kadiri injini inavyozunguka. Injini ikinguruma taratibu katika foleni, hewa huwa haba. Katika foleni ya Makupa au ya feri ya Likoni, msafara ukisimama kwa muda mrefu ni heri kuzima injini. Mtihani wa tatu ni chumvi na vumbi, vinavyoziba mapezi ya kipozeo. Yasafishwe kila mwaka.

Mshale unapopanda bila sababu

Joto likizidi bila mlima wala foleni, sababu huwa miongoni mwa hizi: oili imepungua, mkanda wa feni umelegea, panya wamejenga kiota ndani ya kasha la feni gari lilipokuwa limeegeshwa, mabati na mipira inayoizunguka injini imetolewa na fundi asiyejua kazi yake, hivyo hewa ya moto hurudi kwenye feni, au petroli na cheche hazikurekebishwa sawasawa. Usiimwagie maji injini ya moto kamwe, kwani chuma chaweza kupasuka.

Taa ya chaji ichukuliwe kwa uzito. Katika mengi ya magari haya mkanda unaoendesha jenereta ndio huo huo unaoendesha feni. Taa nyekundu ikiwaka ghafla njiani, huenda mkanda umekatika. Na injini isiyo na feni huungua kwa muda wa dakika chache tu. Simama papo hapo.

Kadhalika mipira ya petroli ikaguliwe. Hukauka na kupasuka kwa umri, na tone la petroli juu ya injini ya moto ni moto wa kuteketeza gari na waliomo. Ibadilishwe kabla ya watoto kupakiwa, na kizimamoto kiwemo ndani.

Namna ya kupima oili

Kosa la upimaji limeharibu injini nyingi kuliko jua. Kobe hupimwa injini ikiwa imezimwa, gari likiwa mahali tambarare, baada ya kusubiri oili iteremke. Porsche 911 yenye tangi la pekee ni kinyume chake: hupimwa oili ikiwa ya moto na injini ikiwa inanguruma. Mwenye kuipima ikiwa baridi na kimya huona kijiti kikavu, akaongeza lita mbili tatu zisizohitajika, kisha gari likatoa moshi mzito. Na huyo akaambiwa kwamba injini imekufa.

Kwa hiyo, ewe uliyekabidhiwa gari la mzee, usiliuze wala usilifungue injini kabla ya kulijua. Nunua daftari. Kwa muda wa mwezi mmoja andika saa, njia uliyopita, mshale ulipofika na oili uliyoongeza. Mwisho wa mwezi utakuwa unakijua kiwango cha kawaida cha gari lako, na mabadiliko yoyote utayaona siku ile ile yanapoanza. Daftari hilo liwekwe pamoja na hati za gari. Warithi wakiamua kuliuza, litakuwa ushahidi wa thamani yake mbele ya mnunuzi. Wakiamua kulihifadhi, atakayelishika baada yako hatalazimika kubahatisha.