Mpeleke mtoto Masasi kabla hamjaitwa msibani

Waulize watoto wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, kama wamewahi kufika Masasi. Wengi watajibu ndiyo. Waulize waliona nini huko, watakutajia turubai, masufuria makubwa na watu wanaolia. Walifika usiku, wakazika mchana, na kesho yake wakapanda basi kurudi. Hakuna aliyewaonesha vilima, na wao hawakuuliza, maana msibani mtoto huambiwa akae kimya.

Familia zetu zinasafiri sana. Tatizo ni kwamba safari hizo zina sababu mbili tu, msiba na harusi, na zote mbili ni shughuli za wakubwa. Mtoto anavishwa, anapakiwa, anakalishwa na wenzake, kisha anarudishwa nyumbani. Miaka inapita, anamaliza darasa la saba akiwa anajua kuchora Kilimanjaro ubaoni, lakini hajui kuwa karibu kilomita 200 kutoka kwao kuna mji uliozungukwa na vilima vya mawe ambavyo angeweza kuvipanda kwa miguu yake.

Mzazi mwenzangu, makala hii inakuomba kitu kimoja. Likizo ijayo, mpeleke mtoto Masasi bila msiba na bila harusi. Siku mbili zinatosha.

Safari inaanzia dirishani

Ukipanda basi asubuhi, omba viti vya upande wa kushoto na umpe mtoto dirisha. Simu yako iweke mfukoni. Utakuwa na saa kadhaa za kukaa na mtoto bila sahani za kuosha wala mgeni wa kupokea, jambo ambalo nyumbani halipatikani kwa urahisi.

Muda si mrefu mtaipita Mikindani na ghuba yake. Mwambie kuwa mwaka 1866 David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya kwenda bara, kwa miguu. Basi lenu litamaliza kabla ya chakula cha mchana sehemu ambayo misafara ya zamani iliitembea kwa siku nyingi.

Mnazi Mmoja njia inagawanyika. Kulia ni Lindi na Dar es Salaam, kushoto ni Masasi. Kuanzia hapo mnafuata bonde la mto Lukuledi kuelekea bara, na ukuta mrefu wa kijani unawasindikiza upande wa kushoto. Ule ndio ukingo wa uwanda wa juu wa Wamakonde. Newala na Tandahimba ziko kule juu.

Hapa ndipo pa kumsimulia pia habari ya reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Nachingwea. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuiunganisha na mashamba. Karanga hazikustawi kama walivyotarajia, mradi ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Mtoto anayesikia kila siku mtaani jina la kata ya Reli bila kuona treni atafurahi kujua kwamba treni ilikuwepo kweli.

Ndanda, mahali maji yanapotokea

Kabla ya Masasi kuna Ndanda. Kama mmetoka mapema, shukeni hapo, mle, mpumzike, kisha mpande gari jingine dogo la kwenda Masasi. Wamisionari Wabenediktini walijenga hapa mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vita vya Majimaji kuteketeza misheni zao za Lukuledi na Nyangao. Hospitali yao inajulikana kusini nzima, na huenda hata wewe unayesoma hapa una ndugu aliyetibiwa pale.

Jambo la kumwonesha mtoto ni maji. Ndanda iko chini kabisa ya ukingo wa uwanda wa juu, na kuna chemchemi. Nilipokwenda na kijana wangu wa miaka tisa, aliangalia maji yakitiririka, akanigeukia.

"Baba, mbona huku maji yapo tu, na bibi kule Newala ananunua kwa ndoo?"

Swali hilo lilinifurahisha kuliko matokeo ya mtihani. Nikamweleza kwamba kule juu ardhi ni ya mchanga. Mvua ikinyesha haikai, inazama chini sana, kisha inakuja kutokea huku miguuni pa mlima. Ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa vijiji vya juu waliteremka mabondeni kuchota maji na kupanda tena na vyombo kichwani. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza bibi alikuwa na umri gani alipoanza kuteremka. Sikuwa na jibu, tukampigia simu bibi mwenyewe palepale. Mazungumzo yale yalichukua nusu saa, na salio lote likaisha.

Visiwa vya nchi kavu

Ukikaribia Masasi vilima vinaanza kuonekana kimoja kimoja, vya mawe matupu, vimesimama kwenye ardhi tambarare kama mtu aliyeviweka kwa mkono. Mji wenyewe umekaa katikati yake. Ni mji mdogo wenye shughuli nyingi, kwa sababu barabara za Newala, Nachingwea, Tunduru na Mtambaswala mpakani mwa Msumbiji zinakutana hapo, na msimu wa korosho ukifika hujaa wanunuzi na malori.

Mtoto wa pwani ataelewa vilima hivi haraka ukimkumbusha bahari. Maji ya bamvua yakipwa, mchanga hubaki chini na miamba huchomoza. Hapa maji hayahusiki, ila jambo linafanana. Mwamba laini uliokuwa umevizunguka vilima hivi uliliwa na mvua, jua na upepo kwa mamilioni ya miaka, ukaisha. Mwamba mgumu ukabaki.

Mjerumani mmoja mtaalamu wa miamba, Wilhelm Bornhardt, alizunguka nchi hii wakati wa ukoloni wa Wajerumani. Katika kitabu chake cha mwaka 1900 aliviita vilima vya namna hii kwa neno la Kijerumani lenye maana ya "mlima kisiwa". Mpaka leo wanafunzi wa jiografia duniani kote wanatumia neno hilo, inselberg, na lilizaliwa kutokana na milima ya nchi yetu. Mwambie mtoto hivyo akiwa amesimama mbele ya mlima wenyewe. Hatausahau ukurasa huo atakapoufikia sekondari.

Mtandi na watu waliotafuta kwao

Kilima maarufu zaidi kwa wageni ni Mtandi, ambapo chini yake kuna kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa kwa mawe. Hata kama familia yenu ni ya Waislamu, kama zilivyo nyingi za Chikongola, historia ya hapa inawahusu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili na kujenga kanisa pale palipokuwa soko la watumwa Mkunazini, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walishukia Lindi wakaelekea bara, upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa wameibwa wakiwa wadogo. Walipofika Masasi wakaona panafaa, wakabaki. Maisha hayakuwa mepesi. Mwaka 1882 kijiji chao kilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni, na mwaka 1905 misheni ikachomwa katika Majimaji. Kila mara watu walirudi na kujenga upya.

Mtoto atakuuliza kama watu wale walifika kwao. Mwambie ukweli: wengi hawakufika, wakafanya hapa kuwa kwao. Ni mazungumzo mazito, lakini mtoto wa miaka minane na kuendelea anayaweza, hasa akiwa ameshika mkono wa mzazi wake.

Kwa watoto wakubwa, ongezeni siku moja mfike Lupaso, wilaya hiyohiyo ya Masasi. Hapo alizaliwa mwaka 1938 na kuzikwa mwaka 2020 Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa. Alianza shule hukohuko Lupaso, akasoma Ndanda. Mtoto aliyepita njia hiyo kwa basi ataona kwamba Ikulu ilifikiwa na mtu aliyekulia vijijini kama wanavyokulia binamu zake.

Kupanda kilima na mtoto

Vilima hivi si vya kuchezea. Hakuna uzio wala mlinzi, na mwamba mtupu una hatari zake. Zingatia haya.

Kwanza, omba ruhusa. Pita ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa Mtandi waulize watu wa kanisa. Waulize pia wazee kama kuna sehemu za matambiko zisizofikiwa ovyo. Tafuta mwenyeji mtu mzima aijuaye njia na mpatane malipo kabla ya kuondoka.

Pili, anzeni alfajiri. Saa 12:30 asubuhi muwe mmeshaanza kupanda, na kabla ya saa 4 muwe chini. Jiwe likishapata jua huwaka kama kikaango.

Tatu, viatu. Kandambili ziacheni gesti. Viatu vya shule vyenye soli ya mpira iliyochakaa navyo huteleza. Raba za michezo zinatosha.

Nne, kila mtu mzima awe na watoto wawili, wasizidi. Maji ya kunywa yawe angalau lita moja kwa kila mtoto.

Tano, msirushe mawe kwenye nyufa. Nyuki na nyoka wanapenda kukaa humo. Mkitulia, huenda mkamwona pimbi akiota jua.

Sita, mvua ikitishia, shukeni. Mwamba ulioloa ni utelezi, na radi hupenda mahali pa juu. Kwa sababu hii likizo ya Juni ni nzuri kuliko ya Desemba: hakuna mvua, hewa ni ya baridi, na gesti hazijajaa watu wa korosho.

La mwisho ni la wazazi, hasa sisi akina baba. Mtoto akisema anaogopa, mkae. Wangu alikwama katikati ya njia, akashika jiwe kwa mikono miwili, akakataa kwenda mbele wala nyuma. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni alisimama. Kijana akakumbuka adabu hata katika hofu yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwatokea wapi?"

"Mtwara."

"Aa, mtu wa baharini. Kaa kwanza, mlima haukimbii."

Tukakaa. Tukala ming'oko tuliyonunua jana yake njiani, tukaangalia mji ukiamka chini yetu, moshi wa jikoni ukipanda na mabasi yakipiga honi stendi. Baada ya muda akasema anataka kushuka. Tukashuka, yeye akiteleza kwa makalio sehemu zenye mwinuko, kama mwenyeji wetu alivyomfundisha. Kileleni hatukufika. Nyumbani aliwasimulia wenzake kwamba ameupanda Mtandi, na mimi sikumsahihisha, maana alipofika palikuwa juu kuliko mahali popote alipowahi kusimama.

Fedha na malazi

Safari hii haihitaji gari la kukodi. Nauli ya basi ni ile iliyopangwa na LATRA. Iulize mapema, udai tiketi, na ukatae kukata kwa mtu anayezurura nje ya ofisi. Chakula cha njiani kibebe kutoka nyumbani. Gesti Masasi zipo za bei tofauti. Kabla ya kulipa, ingia chumbani na ukague mambo manne: chandarua kisichotoboka, maji bombani, kitasa kinachofunga kwa ndani, na kama baa iko jirani. Kelele za usiku mzima zitamchosha mtoto kabla ya mlima.

Kama una ndugu Masasi, fikia kwake, lakini mwambie mapema kuwa mnakuja kutembea. Atashtuka. Atauliza mara mbili kama kuna mtu amefariki. Mweleze kwamba wote ni wazima, na kwamba watoto wanataka kuwajua binamu zao wakati hakuna anayelia. Mpelekee samaki mkavu wa Feri, utapokelewa vizuri.

Fedha ianze kukusanywa sasa. Wekeni kibubu kimoja cha familia na mtoto atie sarafu zake mwenyewe, hata kama ni chenji ya maandazi. Mpe daftari la kuandika maswali matatu kila siku ya safari, na wewe ukubali kuyajibu au kumtafuta anayejua.

Msiba hauna tarehe, ukiitwa unakwenda. Matembezi haya hayatakuja yenyewe namna hiyo. Chukua kalenda leo, muulize mwalimu shule inafungwa lini, na uzungushie siku mbili za Juni.