Kabla Hujainua Gari Nyumbani: Fizikia ya Jeki, Springi na Mchanga wa Ujiji

Ukiwa na IST ukaacha lami ya Kigoma mjini na kuingia njia za vumbi za vijijini msimu wa mvua, kuna sauti utaizoea: "krrr", tumbo la gari likikwaruza chini. Malori na pikapu zimeshachimba mifereji miwili kwa magurudumu yao, katikati pamebaki kigongo cha udongo mwekundu, na gari lako dogo linapita likijisugua juu yake. Ndipo swali linapokuja: nikiliinua kidogo, kwa spesa au springi ndefu, naweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe uani?

Unaweza, kwa sehemu ya kazi. Sehemu nyingine naomba umwachie fundi, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuulize: unainua nini hasa? Watu wengi hawalijui hili mpaka wameshatoa hela. Kwenye gari lenye ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili, kama nyuma ya Hilux, springi zinakaa kati ya ekseli na bodi. Ukizirefusha, bodi inapanda lakini ekseli inabaki palepale, na difu inaendelea kuning'inia katikati, mahali hasa kigongo kilipo. Umelipia sentimita tano na difu haijapata hata moja. Kinachoinua difu ni tairi kubwa tu, tena kwa nusu: tairi likiongezeka kipenyo sentimita 4, difu inapanda 2. Kwa IST upande wa mbele hadithi ni tofauti. Kila gurudumu linajitegemea, injini na sampo yake zimefungwa kwenye bodi, kwa hiyo bodi ikipanda sampo inapanda nayo. Kama kinachogongwa ni sampo, spesa itakusaidia. Basi kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari likiwa limesimama salama, utazame ni wapi palipokwaruzwa. Alama zenyewe zitakwambia.

La pili ni mzigo. Kama gari linakaa sawa likiwa tupu ila linachuchumaa ukipakia madumu kumi ya mawese, tatizo lako si kimo. Kanuni ya Hooke tuliyoisoma sekondari inasema nguvu ni ugumu wa springi mara umbali iliobonyea. Spesa haibadilishi ugumu. Inaanzia juu zaidi, lakini madumu yaleyale yatalishusha gari kwa kiasi kilekile. Hapo unahitaji springi ngumu zaidi, au bamba la ziada kwenye springi za mabamba, na ukubali kwamba gari likiwa tupu litakurusha.

Sasa tuje uani. Watu wanajali jeki ni ya tani ngapi na kusahau imekaa juu ya nini. Ujiji sehemu kubwa ni tambarare yenye mchanga, Kigoma mjini ni vilima. Vyote viwili vina shida yake.

Piga hesabu ya mchanga. Kona moja ya gari dogo inaweza kubeba kama kilo 350, yaani nguvu ya takriban nyutoni 3,400. Kitako cha jeki ya mafuta yenye umbo la chupa ni kama sentimita 10 kwa 10. Gawanya: unapata kilopaskali 340. Upepo wa tairi la gari dogo ni kama kilopaskali 220, na shinikizo la tairi juu ya ardhi linakaribiana na hapo. Maana yake jeki inaikandamiza ardhi kuliko tairi lenyewe, na tairi hilohilo tumeshaliona likizama mchangani. Sasa weka chini yake ubao wa sentimita 40 kwa 40. Eneo limekuwa mara 16, shinikizo limeshuka mpaka kilopaskali 21, karibu sawa na mtu mzima aliyesimama peku. Ubao uwe mnene, sentimita tano hivi, wa mti mgumu kama mninga. Ubao mwembamba unapinda, mzigo unarudi kukusanyika katikati, na hesabu yote inakufa.

Jeki ni ya kuinulia tu. Ndani yake mafuta yanazuiwa na mpira mdogo ambao umri wake huujui. Gari likishapanda lishushie juu ya stendi za chuma, mbili kwa pamoja, kila moja juu ya ubao wake, chini ya sehemu imara ya bodi au chasisi. Usitumie tofali la bloku. Najua lipo kila nyumba inayojengwa, na najua umeona mtu analitumia. Zege hustahimili mzigo uliotandazwa sawasawa, lakini ukingo wa chuma unaogusa sehemu moja unalianzishia ufa, na ufa wa zege haupigi hodi: halipindi kwanza kama chuma, linapasuka tu. Wewe utakuwa chini.

Kuhusu vilima: hendibreki ya magari mengi inashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, hendibreki inashika hewa. Wa gari la otomatiki wanategemea P, lakini P inafunga giaboksi, si kila gurudumu. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ukiinua moja la mbele, difu inaliruhusu hilo lizunguke upande mmoja huku mwenzake aliye chini akizunguka upande wa pili, na gari linaondoka. Kwa hiyo kabari za mbao ziwekwe pande zote mbili za magurudumu yanayobaki chini. Na kama uwanja wako una mteremko unaouona kwa macho, tafuta uwanja mwingine.

Kazi yenyewe ianze usiku wa kuamkia siku yake. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na mengine yaliishi maeneo ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, kwa hiyo nati za chini zinaweza kuwa zimeshikana kabisa. Sugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, pulizia oili ya kulegezea kutu, uache ipenye mpaka asubuhi. Watu wa Kigoma tuna mfano mzuri wa kazi ya grisi: mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi majini kwa jina la Liemba. Miaka kadhaa chini ya Tanganyika, na injini bado zilifaa. Wewe nati zako unataka zifunguke tena miaka miwili ijayo, basi.

Pima pia kabla ya kugusa kitu. Pande zote nne, pima kwa futi ya utepe kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya.

Vifaa vingine ni vya kawaida: seti ya spana na soketi, bomba la kuongeza urefu wa mpini, nyundo, koleo, kamba ya kufungia breki isining'inie kwa paipu yake, na spana ya kupimia nguvu, wenyewe wanaiita toki renchi. Kama hiyo ya mwisho hauna, azima. Nati za magurudumu za IST zinakazwa kwa nyutoni-mita 103. Kuhisi maana yake, fikiria dumu la maji la lita 20 limening'inizwa kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita: hapo umepata kama 98. Kumbe si nguvu nyingi hivyo! Kijana mwenye bomba la mita moja anaivuka mara mbili bila kutoa jasho, na bolti iliyovutwa kupita kiasi inakatika siku usiyoitegemea.

Tumefika nilipokuomba umwachie fundi. Mbele ya IST, springi imebanwa kuizunguka shokapu, na nati moja ya katikati, juu kabisa, ndiyo inayoizuia isifumuke. Imebanwa hata gurudumu likiwa hewani. Tuchukue springi inayotaka nyutoni 25 kwa kila milimita, iliyobanwa sentimita 12. Inasukuma kwa nyutoni 3,000, uzito wa kama kilo 300, na imetunza jouli 180. Chuma cha kilo mbili kikipewa nishati hiyo yote kinaruka kwa takriban kilomita 48 kwa saa, na kichwa chako kiko nusu mita pembeni. Kwa hiyo nati ya katikati usiiguse. Spesa inayokaa juu ya kikombe cha shokapu haihitaji kuifungua. Unalegeza nati ndogo za pembeni, mara nyingi tatu, zinazoonekana ukifungua boneti, halafu zile za chini, na shokapu inatoka nzima na springi yake. Kama unachotaka ni kubadilisha springi yenyewe, itoe shokapu nzima uipeleke gereji yenye kibana springi kizima. Vile vya kuazima vyenye nyuzi zilizolika mimi siviamini.

Kuna kosa moja la kimyakimya wakati wa kurudishia. Mikono ya gari imefungwa kwa bushi za mpira ambazo haziteleze, zinajisokota. Ukikaza bolti zake gari likiwa hewani, umeifunga bushi kwenye mkao wa mkono ulioning'inia, na gari likishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote. Miezi michache umechanika. Zibane kidogo tu kwanza, shusha gari likae kwa magurudumu yake, litikise, ndipo ukaze mpaka mwisho.

Ukishamaliza, gari si lile tena. Kitovu cha uzito kimepanda. Gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya magurudumu na kitovu cha mita 0.65 lina uwiano wa 0.75 kwa 0.65, yaani 1.15. Ongeza sentimita tano unapata 1.07, na uwiano ukishuka gari linapinduka kirahisi zaidi. Juu ya keria ukiweka magunia ya dagaa wa Kibirizi, unashuka tena. Mimi kwa gari dogo nisingevuka sentimita tatu. Sivi jointi nazo zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi, mpira wake ukichanika grisi inatoka na tope linaingia. Na kwa wenye Hilux: nyingi zina vali nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, inayopunguza breki za nyuma gari likiwa tupu. Ukiinua bodi, vali inadhani siku zote huna mzigo. Umepakia tani, breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Fimbo hiyo lazima irekebishwe.

Taa pia. Ukiinua mbele peke yake sentimita 5 kwenye gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli, mwanga unapanda mita moja kila mita 50, moja kwa moja machoni mwa anayekuja.

Siku hiyohiyo geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, uone kama paipu za breki zinavutika. Alaimenti ipimwe kabla tairi hazijaanza kulika upande. Ukienda Kasulu na kurudi, pita tena na toki renchi kwenye kila nati uliyoigusa, na upime vile vipimo vyako vinne: springi na mabamba mapya hulala kidogo baada ya safari ya kwanza, na upande mmoja ukilala kuliko mwingine ni afadhali uujue ukiwa nyumbani.